Moto Mbele, Maji Nyuma

Rafiki yangu, umewahi kusikia udongo umekataa kuchimbwa? Mimi sikuwahi. Nimelelewa na watu wa mashimo ya dhahabu, nimeona mwamba ukipasuliwa na vijana waliokunywa uji mtupu asubuhi. Lakini kwamba udongo wa juu, huu tunaopandia maharagwe, unaweza kufungika hata jembe lisiingie, hilo nililisikia juzijuzi tu, kwenye simu, nikiwa nimeinama nachochea moto wa kilio katika kiwanja chetu kidogo cha Kadutu, hapa mjini. Nilishtuka mpaka ukuni ukaniponyoka mkononi.

Aliyepiga alikuwa binti wa mjomba wangu. Mjomba alikuwa amefariki kule Finlande, juu kabisa ya ramani, mahali alipopelekwa pamoja na familia yake miaka mingi iliyopita kutoka kambi ya wakimbizi. Moyo ulisimama akiwa usingizini. Kuurudisha mwili nyumbani hakukuwezekana; siku hizi hakuna ndege inayotua kwetu, na barabara zetu unazijua mwenyewe. Tulikubaliana azikwe kule, nasi tulie huku.

“Yaya, kesho hatuziki,” binti huyo aliniambia, mimi mkubwa wake, meno yanamgongana. “Udongo inakatala. Baridi iko moins quarante-quatre. Hata bazee ba hapa banasema habajaonaka baridi ya hivi. Machine ya kuchimba nayo inakatala kuwaka.”

Arobaini na nne chini ya sifuri! Nikamuuliza tungoje mpaka lini.

“Mpaka baridi ilegee. Ao mpaka printemps.”

Sikujua printemps, majira ya theluji kuyeyuka, huanguka mwezi gani. Nikamuuliza mwalimu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa ameketi kilioni. Akahesabu kwa vidole, akasema kule mbali labda mwezi wa tano, nasi tulikuwa mwezi wa kwanza. Nikamwomba ahesabu tena.

Ngoja nikueleze kwa nini nilimwomba hivyo. Kwetu, habari ya kifo ikifika, moto unawashwa kiwanjani na hauzimwi mpaka marehemu afunikwe udongo. Ndipo majivu yanaondolewa, watu wanaoga, na aliyemzaa marehemu anainuka mkekani. Kabla ya hapo, mzazi huyo haweki mdomoni kitu chochote kilichopita motoni. Kwa kawaida ni jambo la siku mbili tatu, mtu anavumilia. Aliyekaa mkekani safari hii ni nyanya yangu, mama yake mjomba. Amewazika watoto wake wengine wote, mama yangu akiwemo. Mjomba ndiye peke yake aliyekuwa amebaki. Nyanya alikuwa akiishi kwa maji na ndizi mbivu, na ndizi yenyewe aliimega kwa kumhurumia tu aliyeileta. Alikuwa amekonda shingo. Mwili ule usingefika mwezi wa tano, na kila mtu pale kiwanjani alilijua hilo.

Nilikaa chini karibu na moto. Na kwa kuwa neno lililonipiga lilikuwa baridi, mawazo yangu yalipanda moja kwa moja mpaka Luhwindja, kijijini kwa nyanya.

Wewe uliyekulia hapa chini karibu na ziwa utanicheka, lakini kule milimani tulikuwa na baridi yetu na tuliiheshimu. Mama yangu alikuwa akiuza vitenge huku sokoni, akaniacha kwa nyanya tangu darasa la kwanza mpaka la nne. Asubuhi ukungu ulikuwa unaingia ndani ya nyumba bila kubisha hodi. Mbuzi walilala nasi, upande wa pili wa ubao, na joto lao tulilitegemea kuliko blanketi. Nyanya aliamka kabla ya wote, akafukua viazi vitamu alivyovizika jana yake kwenye majivu, akatugawia kila mtoto viwili. Hatukuvila. Tuliviweka mifukoni, kimoja kulia na kingine kushoto, mikono ikavishika njia nzima mpaka shuleni, na wakati wa mapumziko ndipo tukavila, vikiwa vimepoa na vimepondekapondeka, na vitamu, rafiki yangu, vitamu mpaka leo sijaonja mfano wake.

Na sauti! Kabla jogoo hajamaliza, maman twangaise, mwanamke mtwangaji wa jirani, alikuwa ameshaanza kutwanga mawe ya dhahabu kwenye kinu chake cha chuma: ti, ti, ti, bila kupumzika, mpaka jioni. Wageni walilalamika kwamba hawalali. Sisi tulishtuka pale aliponyamaza. Siku alipougua homa, kijiji kizima kilikwenda kumwona kwa sababu ya ule ukimya wa kinu chake.

Mjomba alikuwa kijana mrefu, mwenye mluzi na redio ndogo iliyofungwa kwa mpira. Alikuwa mchimbaji, na shimo lao lilikuwa juu tu ya shamba la nyanya. Siku nyingine mwamba ulikuwa unawashinda kwa nyundo na mutalimbo, ule mtaimbo wa chuma. Hapo walipanga kuni juu ya jiwe, wakawasha moto mkubwa, wakauacha uunguze mpaka jiwe lenyewe libadilike rangi. Sisi watoto na wasichana wa mtaa tulileta maji kutoka mtoni, dumu la bidon mgongoni, mkanda wa mugozi ukilishikilia kwenye paji la uso. Tukifika juu, mjomba alisimama mdomoni mwa shimo, akapaza sauti: “Moto mbele!” Nasi sote, na wapita njia pia, tukamjibu: “Maji nyuma!” Hapo ndipo maji yalimwagwa. Jiwe lililia paa! Mvuke ukapanda mweupe, na mwamba ulioshinda nyundo wiki nzima ukafunguka vipande vipande.

Mjomba hakuwa na mzaha na utaratibu huo, moto kwanza, maji baadaye. Siku moja kijana mgeni alimwaga maji kabla kuni hazijawaka, akidhani anasaidia. Siku nzima ikapotea. Moto ulifuka juu ya lile jiwe lililolowa, ukalialia, ukazimika, na kijana akarudi mjini bila kumeza hata tonge. Nyanya mwenyewe alilicheka tukio hilo mpaka akafuta machozi kwa kitenge, na tangu siku hiyo, mtu yeyote wa nyumbani akikosea mpangilio wa jambo lolote, hata kutia chumvi mapema, nyanya alisema, “Huyu ameanza na maji.”

Baridi kubwa kuliko zote niliyoiona utotoni ni ile ya mvua ya mawe. Ilikuja mchana, tukiwa tumetoka shule. Mbingu ilifanya giza, kisha kelele kwenye manjanja, mabati ya nyumba, ikawa kubwa hivi kwamba nyanya aliniita nami nikaona midomo yake tu inacheza. Ilipokatika tulitoka nje. Shamba lote la maharagwe lilikuwa jeupe! Nilisimama nimefumbua mdomo. Tulikanyaga tukaruka, tukakanyaga tena, nyayo zikauma kwa namna ambayo hatukujua kama ni moto au ni nini. Mjomba alizoa yale mawe ya barafu kwenye beseni, akatugawia tulambe. Akatuambia redio ilisema kuna nchi ambazo kitu hiki kinafunika ardhi miezi na miezi, na watu wanaishi humo humo.

Nyanya, ambaye alikuwa anatazama maharagwe yake yaliyolala chini, alimkata jicho. “Muongo! Banalima wapi?”

Mjomba alicheka. Nami nilimwamini nyanya. Mpaka jioni barafu yote ilikuwa imeyeyuka, na sisi tulibaki tunalitazama lile beseni la maji kama tulioibiwa.

Sasa nifike pale ambapo sipendi kufika. Mwisho wa msimu ule wa mvua, shimo liliporomoka. Mjomba alitoka akiwa hai, matope mpaka kwenye kope. Rafiki yake wa kazi hakutoka. Walimtafuta, wakamfikia, wakamzika, moto wa kilio ukazimwa. Na asubuhi iliyofuata, kabla ya uji, tukamwona mjomba ameshika mutalimbo anaelekea mlangoni.

Nyanya alisimama katikati ya mlango. Hakuwa mtu wa kupiga kelele, na siku hiyo pia hakupiga. Alisema polepole, “Ukirudia kuingia mu ile shimo, udongo ikukatale.”

Maman twangaise alikuwa anapita na kikapu cha mawe. Alikiangusha. Mimi nilikuwa mtoto, lakini nywele zilinisimama, kwa sababu kwetu mama hatamki neno kama hilo kwa mwanawe. Udongo ukikukatalia utakula nini, utajenga wapi, utalala wapi siku ya mwisho? Mjomba aliuweka mutalimbo chini ya kitanda cha nyanya, akatoka kwenda kukaa nyuma ya nyumba na mbuzi. Hakuingia shimoni tena maisha yake yote.

Neno kama lile lina dawa yake. Mama anachukua maji mdomoni, anayapuliza miguuni pa mtoto, anasema, “Nimerudisha.” Basi, yameisha. Sijui kama nyanya alingoja hasira ishuke, au alingoja mjomba apate kazi nyingine kwanza ili asirudi shimoni. Mjomba alishuka mpaka mji wa Uvira kufanya kazi ya kupakia mizigo. Huko vita vikamkuta, akavuka mpaka wa nchi na umati, akakaa kambini, akaoa, akapata mtoto, na mwishowe jina lake likasomwa kati ya watu wanaopelekwa mbali. Hakukanyaga tena Luhwindja. Miaka yote hiyo walizungumza kwa simu, wakachekana, wakabarikiana, na neno lile hakuna aliyeligusa. Mimi nilikuwa nimelisahau kabisa.

Nyanya hakulisahau.

Siku ile ya simu, ukoo ulikusanyika kiwanjani. Niliwaeleza jinsi nilivyoelezwa. Kule jua halitoki kabisa siku hizi, mchana wao ni kama alfajiri yetu, na udongo wote, chini mpaka futi nyingi, umekuwa kama nyama iliyoganda ndani ya kongelateri. Watu waliguna. Wengine walishika vichwa. Tonton, binamu wa marehemu na msemaji wa ukoo, alinitazama kwa huruma.

“Nani anaweza kutia nchi muzima mu kongelateri?” akaniuliza.

“Tonton, ni hewa ya kule.”

“Hapana. Marehemu iko na kitu mu roho, ndiyo maana anakatala kulala. Kuna muntu alimukosea. Aseme.”

Usicheke. Katika nchi ya mashimo, kaburi likigonga mwamba, hivyo ndivyo watu wanavyofikiri kwanza, hata waliosoma, hata wanaoimba kwaya. Mwalimu jirani alijaribu kusema habari za dunia na kuinama kwake mbele ya jua, wakamsikiliza kwa heshima, wakaendelea. Wakaanza kutafuta. Mmoja akakumbuka mbuzi wa mahari aliyechelewa. Mwingine akakumbuka kwamba aliwahi kukata simu ya mjomba makusudi. Kila mtu alikuwa na chake, na kila kimoja kilikuwa kidogo mno kufunga ardhi ya nchi nzima.

“Ni mimi,” nyanya akasema kutoka mkekani.

Watu wakageuka.

“Nilimuambia udongo ikukatale. Huyu alisikia.” Akaninyooshea kidole. “Alikuwa mutoto, lakini alisikia. Sikumupulizia maji. Nilisema nitamupulizia siku ya kurudi.”

Rafiki yangu! Lilinirudia lote kwa mara moja: mlango, mutalimbo, kikapu kinaanguka. Nilitaka kumwambia nyanya kwamba mjomba alitii, hakurudi shimoni, kwa hiyo neno halikuwa na njia ya kumpata. Nilimwambia. Akatikisa kichwa. Akasema neno lilitoka na miguu yake, limemtafuta mpaka limemkuta. Na kusema kweli, mimi mwenye diploma yangu, nikiwa na simu mkononi inayoniambia kwamba ardhi imemkataa mtu ambaye mama yake aliiambia imkatae, sikujua niamini nini.

Tonton akaamua lililokuwa limebaki kuamuliwa. Nyanya arudishe neno sasa, na maji yamwagwe pale kaburi linapotakiwa kuwa. Nikampigia binti wa mjomba. Hakubisha, alijaza termosi maji ya moto, maana ya baridi yangekuwa jiwe kabla hajafika, akatembea mpaka makaburini huku akituonyesha njia kwenye simu. Jamani! Tulisongamana vichwa juu ya kioo kile kidogo. Saa yao na yetu ni moja, ilikuwa saa sita mchana, na kule mbingu ilikuwa ya bluu nzito, bila jua, taa za barabarani zinawaka. Miti imevaa nyeupe mpaka kwenye vijiti. Kope za mtoto wetu zilikuwa nyeupe, mvi za mtu mzee kwenye uso wa msichana. Wanawake kiwanjani walianza kulia upya kwa kumwona tu.

Nyanya alishika kikombe, akatia maji mdomoni, akayapuliza kwenye udongo wa kiwanja chetu. “Nimerudisha, mutoto wangu,” akasema kwenye simu. “Nimerudisha. Udongo ikupokee.”

Kule, binti wa mjomba alifungua termosi. Kwa kuwa maji ya baraka hupulizwa, hakuyamimina chini. Aliyarusha juu kwa mkono, yapate kutawanyika na kunyesha.

Hayakunyesha. Yalilia sss hewani, yakageuka wingu jeupe mbele ya macho yetu, wingu likaelea kando, likaisha. Hakuna tone hata moja lililogusa ardhi. Binti alisimama ameshika termosi tupu. Nasi kabla hatujapata sauti, kioo kikawa cheusi, baridi ilikuwa imeua simu yake.

Mtu mzima mmoja alifanya ishara ya msalaba. Nyanya aliendelea kukitazama kile kioo cheusi.

“Hata maji,” akasema. Kisha akalala kwenye mkeka, tukambeba nao mpaka ndani, akageukia ukuta. Jioni nilimpelekea ndizi, hakuigusa. Nilimpelekea maji, akasema maji yameonyesha yenyewe. Nikatoka nje nikalia peke yangu nyuma ya nyumba, maana nilikuwa nimeshaelewa kwamba tungekuwa na vilio viwili.

Kesho yake, karibu na saa nne asubuhi, simu ikalia. Ilikuwa video, bila maneno mengi. Binti wa mjomba alikuwa makaburini tena, na pembeni yake mzee mmoja wa kule, mlinzi wa makaburi, amejifunga nguo mpaka macho tu yanaonekana. Binti akaeleza kwamba mzee huyo alisikia wanangoja printemps, akakataa. Akasema zamani, kabla ya mashine, hawakuwa wanangoja. Kisha kamera ikashuka chini. Pale kwenye theluji palikuwa pamesafishwa, urefu wa mtu. Juu yake makaa, tele, yamekolea mekundu, na yule mzee anayafunika kwa pipa la chuma lililopasuliwa nusu. Moshi ulikuwa unatoka pembeni.

Nilikimbia ndani bila viatu. Nilimwinua nyanya kwa mabega, nikamwekea simu mbele ya uso. Alikataa kutazama, kisha akatazama.

“Anachoma nini?”

“Udongo, nyanya. Anachoma udongo, ifunguke. Banaacha moto usiku kucha, kesho banachimba.”

Nyanya akachukua simu kwa mikono miwili. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Nilimwona anautafuta mdomo wa shimo, anatafuta bidon, anamtafuta kijana mrefu mwenye mluzi. Midomo yake ikaanza kucheza, nami nikadhani anasali.

“Moto mbele,” akasema.

Rafiki yangu, sikufikiri. Koo langu la utoto lilijibu lenyewe, kwa sauti ya kijiji: “Maji nyuma!”

Tukatazamana. Na nyanya yangu, ambaye hakuwa amekula kitu, ambaye jana alikuwa amegeukia ukuta kufa, akaanza kucheka. Alicheka kama siku ya yule kijana mgeni, akafuta machozi kwa kitenge.

“Nilianza na maji, mutoto wangu,” akasema. “Mimi muntu muzima hivi, nilianza na maji!”

Mazishi tuliyaona kwenye simu, safari hii binti ameificha simu yake ndani ya koti, akaitoa wakati unaotakiwa tu. Shimo lilikuwa limefunguka, jeusi katikati ya weupe wote ule, na lilikuwa linatoa mvuke. Kabla ya jeneza kushuka, binti alipiga magoti kwenye ukingo na termosi. Hakurusha. Aliinamisha mkono ndani kabisa ya shimo, akamimina taratibu, huku nyanya hapa akipuliza kinywa chake cha maji kwenye kiwanja na kusema tena lile neno lake. Tulikaza macho mpaka yakauma. Maji yalifika chini, yakatulia kidogo, udongo ukayanywa. Kiwanja kizima kilishusha pumzi kwa pamoja. Tonton, mtu mzima yule, alikaa chini.

Waliporudisha udongo, mabonge ya pembeni ambayo moto haukuyafikia yalianguka kwenye jeneza kwa kelele. Nyanya akasikiliza. Akasema ni mvua ya mawe, ile ya maharagwe. Nikasema ndiyo.

Nimewaza sana tangu siku hiyo. Kilima kile cha shimo hakipo. Sisemi kimebadilika, nasema hakipo: mashine kubwa zilikuja, zikakipunguza mpaka kikaisha, na mahali nilipopandisha bidon sasa ni hewa tupu. Nyumba ya nyanya haipo, shamba halipo, maman twangaise alihamishwa na kinu chake na sijui kinalilia wapi. Vijana wa siku hizi wanapasua kwa baruti, ukiwaambia habari ya kuni na maji wanakuona mtu wa zamani sana. Nilidhani kazi ile ya mjomba imebaki kichwani kwangu na kwa nyanya, basi. Na bado inanishtua, kila nikiamka inanishtua upya, kwamba ilikuwa inamngoja kule kwenye mwisho wa dunia, mikononi mwa mzee ambaye hatutajua jina lake.

Jioni ya mazishi nilizima moto wetu na kuondoa majivu. Nyanya aliinuka mkekani akiegemea bega langu. Akapita pale moto ulipokuwa, akasimama, akavua sandali, akaweka unyayo kwenye udongo.

“Kule ndani,” akaniuliza, na hakunitazama, “mutoto wangu iko na baridi?”

Ndilo alilokuwa amelibeba siku zote zile, chini ya neno la laana, chini ya yote. Nilivua sandali zangu pia, nikaweka unyayo karibu na wake. Udongo ulikuwa bado na joto.

“Hapana, nyanya,” nikamwambia. “Banamupashia udongo kwanza. Iko hivi.”

Alisimama hapo muda mrefu, vidole vya miguu vinachimbachimba. Kisha akaniambia nimpikie bugali.